Kwa Kiti cha Magurudumu hadi Ngome Kongwe

Tuliondoka Dar es Salaam asubuhi, watu wanne na kiti kimoja cha magurudumu, kwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, mwezi wa Februari, tangu 2004. Boti ya mwendo kasi hadi Unguja huchukua saa mbili hivi. Wakaazi wa Tanzania hununua tiketi za tamasha kwa bei nafuu, basi usisahau kitambulisho.

Uangalifu unaanzia gatini. Daraja la kupandia botini hubadilika mwinuko bahari inapojaa na kupwa; lililokuwa jepesi asubuhi huweza kuwa kali jioni. Wakati wa kushuka tulikigeuza kiti, mgongo ukatangulia, mmoja akishika vishikio vya nyuma na mwingine fremu ya mbele. Wachukuzi wana moyo wa kusaidia, ila wengi hudaka sehemu za kuegemeza mikono, na kwenye viti vingi sehemu hizo huchomoka. Waonyeshe fremu kabla hawajagusa chochote.

Kutoka bandarini Malindi, vichochoro vinavutia, lakini baraza za mawe zimekula njia na ukikutana na mkokoteni mmoja wenu lazima arudi nyuma. Tulifuata Barabara ya Mizingani, kando ya bahari, mwendo usiofika kilomita moja. Tukaipita Beit al-Ajaib, jumba la kale ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na jirani yake ndiyo Ngome Kongwe, tulikokuwa tunakwenda kwenye tamasha, inayotazamana na bustani ya Forodhani.

Maandamano ya ufunguzi hayana tiketi, na kwetu hiyo ndiyo sehemu bora ya tamasha zima: beni (bendi za matarumbeta), ngoma, watoto, wazee, wote barabara moja. Mwenye kiti awahi mstari wa mbele. Watu wakishasimama, macho yake yanaishia viunoni mwao.

Kwenye nyasi, magurudumu madogo ya mbele huzama. Kilaze kiti kidogo kwa nyuma, uendeshe kwa makubwa mawili tu. Pakiwa laini zaidi, kivute kinyumenyume. Penye ngazi, ubao wa kupandia uwe na urefu mara 12 ya kimo cha ngazi: sentimita 15 zinataka ubao wa sentimita 180. Ubao mfupi huwa mkali na kiti huweza kupinduka kwa nyuma, na mara nyingi ndio unaoletwa kwa sababu ndio unaobebeka.

Mwenzetu mmoja ni kiziwi. Alishika puto kwa viganja viwili, akaupata mdundo wa besi. Sakafu ya mbao nayo huupitisha vizuri, zege huupitisha kidogo mno. Mkalimani wa lugha ya alama anahitaji taa yake mwenyewe inayomulika uso na mikono, isizimwe taa za jukwaa zinapozimwa, na nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Wawe wawili, wapokezane kila dakika 20, kwani mkalimani akichoka maneno huanza kumruka.

Kelele zikimzidi mtu, asilazimishwe kubaki. Tulitoka na mmoja wetu hadi Forodhani, tukakaa upande wa baharini kwenye upepo wa kaskazi. Taarabu ilikuwa inavuka ukuta wa ngome, laini, na kila neno likisikika.