Jinsi nilivyomfundisha mama asiyesoma kuzitambua barua za ofisi

Nilipojitolea mwaka 2018 kuisindikiza familia ya Wakongo iliyoletwa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, mratibu wa shirika lililowapokea aliniambia kwamba kwa kuwa mimi ni Mtanzania, Kiswahili changu kingemaliza nusu ya kazi. Ushauri huo ulinipotezea miezi miwili, na hadi leo nikimwona hunijia hamu ya kumkumbusha.

Lugha kweli haikutusumbua, ukiacha siku niliyopeleka kisamvu nikasahihishwa kuwa ni sombe. Kilichotusumbua ni sanduku la barua. Baba alikwisha kupata kazi ya ghalani, zamu ya usiku. Watoto walikwisha kulizoea basi la shule. Na mhudumu wa shirika, ambaye zile siku 90 za mwanzo za kuwahudumia wageni wapya zilikuwa zimemwishia, alikwisha kuhamia kwa wageni wengine. Karatasi zote zikabaki mikononi mwa mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, "Mama, barua za maana ziweke, za matangazo zitupe." Akaitikia, nikaenda zangu.

Jioni moja akanipigia simu akiwa dukani: kadi ya msaada wa chakula ilikuwa imekataa, na nyuma yake watu wamepanga foleni. Nilipofika kwao nikaomba nizione barua alizoziweka. Akaleta ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao wakimbizi hushuka nao kwenye ndege wameukumbatia, na ndani yake, katikati ya hati za uhamiaji na kadi za chanjo, nikakuta kuponi za pitsa, tangazo la bima lenye familia inayocheka, na wakili wa ajali za magari amekunja mikono. Barua ya kuhuisha msaada wa chakula, iliyokuja katika bahasha nyeupe isiyo na urembo wowote, ilikuwa imekwenda na takataka.

"Ndugu yangu," akaniambia, "ile haikuwa na picha ya mtu hata mmoja."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kambini, karatasi iliyomtambulisha yeye na wanawe ilikuwa na picha zao; kwa hiyo alikuwa amefuata utaratibu anaoujua, na aliyekosea ni mimi. Kuirudisha ile kadi kulitula karibu siku nzima kwenye simu, tukisikiliza muziki wa kusubirishwa mpaka mtoto wa mwisho akaanza kuucheza.

Kwanza nilinunua majalada ya rangi tatu, dola kumi na kitu hivi. Wiki iliyofuata mawili yalikuwa shuleni na la tatu limefunikia sufuria ya maharage. Ndipo nikachukua mkasi. Nilikata pembe ya juu kushoto ya bahasha moja kutoka kila ofisi, pale penye nembo na anwani ya mtumaji, nikazibandika kwenye mlango wa friji: ya msaada wa chakula, ya Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali, ya shule, ya umeme. Bahasha ikija, mama huishika kando ya zile pembe. Ikifanana na mojawapo, huifungua na kunitumia picha yake kwa WhatsApp. Isiyofanana hungoja Jumamosi nije niitazame, maana ofisi nazo hubadilisha bahasha bila kumuuliza mtu. Nilijivuna sana kwa mkasi ule, nakiri, na baadaye majirani zake wawili walikuja kuniomba pembe kana kwamba nauza stempu.

Moja tu aliikataa: pembe ya barua ya mkopo wa nauli ya ndege, ule usio na riba, ambao waliutilia saini kabla ya kusafiri. Alisema deni halikai pamoja na chakula. Tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, upande wa baba, na kila mwezi ndiye anayekumbushwa kulipa.