Rispa Juu ya Mwamba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo yetu ya wiki hii ni 2 Samweli 21:1-14 na 2 Wafalme 11:1-3. Yasome kwanza kwenye Biblia yako kabla ya kuendelea. Ni sura ambazo hazisomwi mara nyingi mimbarani, na ile ya kwanza ni ngumu kweli kweli.

Kulikuwa na njaa miaka mitatu mfululizo. Daudi alipouliza kwa Bwana, akaambiwa chanzo ni damu: Sauli aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli walikuwa wamewaapia. Wagibeoni hawakutaka fedha wala dhahabu. Walitaka watu saba wa uzao wa Sauli, nao wakapewa. Wawili walikuwa wana wa Rispa binti Aya, suria wa Sauli, na watano walikuwa wajukuu wa mfalme huyo. Wote saba walitundikwa mlimani kwa pamoja, siku za kwanza za mavuno ya shayiri.

Watu wakarudi mashambani kuvuna. Rispa akachukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa.

Biblia inasema hakuwaacha ndege wa angani watue juu ya maiti mchana, wala wanyama wa mwitu usiku, tangu mavuno yalipoanza hata mvua ikawanyeshea. Katika nchi ile shayiri huvunwa karibu na Aprili, na mvua za kwanza hurudi karibu na Oktoba. Kama ni mvua hizo za msimu, basi mama huyu alikaa pale kiangazi kizima. Hebu fikiri: jua la mwambani, harufu, nzi, ndege anayefukuzwa upande huu na kutua upande ule. Kisha giza linaingia, na sasa hawaoni anaowafukuza, anawasikia tu. Alilala saa ngapi? Nani alimletea maji?

Na jambo moja tusilipite haraka. Wanawe walikuwa wawili, Armoni na Mefiboshethi. Waliotundikwa walikuwa saba. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliwalinda wake akawaachia kunguru wana wa mwenzake.

Torati ilikuwa wazi. Kumbukumbu la Torati 21:22-23 inasema aliyetundikwa asikeshe mtini, azikwe siku iyo hiyo. Mfalme aliijua sheria hiyo, makuhani waliijua, wazee waliijua, na miili ilikuwa bado inaning'inia. Rispa hakwenda kumsomea mtu kifungu. Katika Biblia nzima hatumsikii akisema hata neno moja. Hata pale anapotajwa mara ya kwanza, katika 2 Samweli 3, ni Ishboshethi mwana wa Sauli na jemadari Abneri wanaogombana juu yake, naye haulizwi chochote. Lakini kule mlimani alikaa mahali ambapo sheria ya Mungu ilikuwa imevunjwa, na kukaa kwake kukawa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu.

Mstari wa 11 unasema Daudi akaambiwa alilolifanya Rispa. Mfalme akaondoka, akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani huko Yabesh-gileadi, ikakusanywa pamoja na mifupa ya wale saba, nao wakazikwa kwa heshima katika nchi ya Benyamini, kwenye kaburi la Kishi, babaye Sauli. Sasa soma mstari wa 14 polepole. Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi, akasikia, baada ya hayo. Maandiko hayasemi Mungu alisikia siku ile wale saba walipotundikwa. Yanaliweka jibu lake baada ya maziko. Mimi nasadiki mpangilio huo haukuja kwa bahati, na ukikubali hivyo, basi mjane ambaye tumezoea kumruka ndiye aliyeurudisha ufalme mzima kwenye njia ya haki.

Lakini rudi tena kwenye lile neno "akaambiwa". Akaambiwa na nani? Kuna mtu alipita karibu na mwamba ule, akaona, na badala ya kutikisa kichwa na kwenda zake, alikwenda mpaka kwa mfalme na habari ambayo mfalme hangeifurahia. Jina lake halimo. Bila yeye Rispa angeendelea kufukuza ndege mpaka nguvu zimwishe.

Mtu wa namna hiyo ukianza kumtafuta utamkuta kila mahali. Malkia Athalia alipoamua kuua uzao wote wa kifalme wa Yuda, Yehosheba binti wa mfalme Yoramu alimwiba mtoto Yoashi kutoka katikati ya wana waliokuwa wakiuawa. Akamficha chumbani, kisha nyumbani mwa Bwana, miaka sita. Mumewe, kuhani Yehoyada, tunamkumbuka kwa sababu ndiye aliyemvika mtoto taji mwaka wa saba. Mkewe aliyeingia kwenye nyumba ya mauaji na kutoka na mtoto kifuani, tunamkumbuka kidogo. Na yule wa tatu hatumkumbuki kabisa: "pamoja na yaya wake". Mtoto yule alikuwa mchanga. Alipotawazwa alikuwa na miaka saba tu. Mtoto mchanga hulia, huumwa, hudai kula usiku wa manane, na nje kuna malkia ambaye akisikia, wote wamekwisha. Ahadi ya Mungu kwa nyumba ya Daudi ilikuwa mikononi mwa mwanamke huyo, aliyekuwa akijua jinsi ya kumnyamazisha mtoto.

Wala usidhani walilipwa. Yoashi alipokuwa mtu mzima, Yehoyada akiwa amefariki, aliamuru Zekaria mwana wa Yehoyada apigwe mawe katika ua wa nyumba ya Bwana (2 Nyakati 24). Mtoto aliyefichwa hekaluni akaua hekaluni, tena mwana wa nyumba ile ile iliyomficha. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi tunawatia watu moyo kwa kuwaahidi kwamba wema utarudi. Yehosheba alifanya lililo sawa siku ile, na lilikuwa sawa hata kama Yoashi alikuja kuharibika.

Kule Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 203, wanawake wawili Wakristo, Perpetua na Felista, walikuwa gerezani kwa ajili ya jina la Kristo. Felista alikuwa mtumwa, na ujauzito wake ulikuwa wa miezi minane. Uchungu ulipomshika, mlinzi mmoja akamdhihaki: kama unalia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akajibu kwamba sasa anateseka yeye, lakini kule atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Akajifungua binti. Siku chache baadaye mama akaingia uwanjani akafa. Na binti? Kumbukumbu ya mashahidi hao inasema dada mmoja alimchukua akamlea kama mwanawe. Dada mmoja, basi. Kumlea mtoto wa mtu aliyeuawa kwa imani hiyo hiyo, katika mji huo huo, haikuwa kazi ya mwoga.

Karibu na nyakati zetu yuko Irena Sendler wa Warsaw, Poland, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa na kibali cha kuingia ghetto, mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa, kwa kazi ya afya, maana Wajerumani waliogopa ugonjwa wa tifasi kusambaa. Yeye na wenzake wakawatoa watoto kwa magari ya wagonjwa, kwa mifuko, kwa njia za majitaka. Inakadiriwa waliokolewa watoto wapatao 2,500. Mama wa ghetto walimwuliza swali moja: unaweza kunihakikishia mwanangu ataishi? Hakuweza. Hata kutoka tu salama getini hakuweza kuahidi. Majina ya watoto, la kweli na lile jipya, aliyaandika kwenye vipande vya karatasi nyembamba, na karatasi hizo zikafukiwa ndani ya chupa chini ya mti wa tofaa, ili siku moja mtoto aweze kurudishiwa wazazi wake. Oktoba 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata, wakamtesa, wakamhukumu kifo. Hakuwataja wenzake. Mtandao wake ukamhonga mlinzi, akatoka. Vita vilipokwisha chupa zilifukuliwa, lakini wazazi walio wengi walikuwa wameuawa katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Nje ya nchi yake watu wengi hawakumjua hadi mwaka 1999, wanafunzi wa Kansas, Marekani, walipoanza kuitafuta habari yake. Alifariki mwaka 2008. Hadi uzeeni alisema angeweza kufanya zaidi.

Nyuma yake walikuwepo madereva, masista wa nyumba za watawa waliopokea watoto usiku, na familia zilizomfundisha mtoto wa Kiyahudi sala za Kikatoliki ili akiulizwa asikwame. Kumficha mtoto mmoja kulihitaji watu wengi, na mmoja wao akitoboa siri, wote wanakufa.

Kwa hiyo tunapowaadhimisha wanawake hawa, naomba tujihadhari na kitu kimoja. Kumwita mama "shujaa" ni rahisi, na mara nyingine ni njia yetu ya kumwacha pale pale mwambani. Tunamsifu kanisani dada anayemuuguza mzazi miaka na miaka, tunampigia makofi, kisha tunakwenda zetu kuvuna. Sijui Rispa angefanya nini na makofi. Kipo alichohitaji: mtu wa kushika zamu ya usiku mmoja, na mtu wa kupeleka habari kwa mwenye uwezo wa kuyamaliza.

Wiki hii kila mmoja wetu amtafute mama mmoja aliye kwenye zamu asiyoichagua. Usianze na ujumbe wa simu. Nenda, kaa naye, umuulize usiku gani ni mgumu kuliko mingine, kisha uuchukue wewe. Na kama shida yake iko mezani kwa mwenye mamlaka unayemfahamu, kaseme.

Tuombe. Ee Mungu wa Rispa, uliyeona kiangazi kizima kile ambacho wengine walikiona siku moja tu, utusamehe tulivyopita kando. Utupe ujasiri wa yaya yule na uaminifu wa dada yule wa Carthage. Wanaolinda leo peke yao uwaletee mwenzi kabla nguvu hazijawaishia, na ukitaka kututuma sisi, tusikutolee udhuru. Kwa jina la Yesu. Amina.