Raspberry Pi kama seva mahali umeme unapokatika

Bodi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayotumika hapa kama seva, ikigoma kuwaka kwa mara ya tatu ndani ya mwaka, wengi hukimbilia kubadilisha mfumo endeshi. Wanahama kutoka Raspberry Pi OS kwenda Ubuntu, kutoka Ubuntu kwenda DietPi, wananunua kadi mpya, na miezi michache baadaye wanarudi pale pale. Mfumo wanausingizia tu. Kinachoziua seva hizi ndogo ni umeme na kadi ya SD, kisha saa inamalizia kwa kuchanganya kila kitu kilichobaki. Maelezo haya ni ya Raspberry Pi 4 yenye Raspberry Pi OS ya Bookworm, ile iliyojengwa juu ya Debian 12. Mengi yanafaa kwenye bodi nyingine pia, ila majina ya mafaili yatatofautiana.

Anza na waya, kabla hata hujagusa kibodi. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu inaweza kuandikwa 3A na bado isifae, kwa sababu tatizo kubwa huwa ni waya wenyewe. Waya mwembamba wa AWG 28 (AWG ni kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba) una ukinzani wa kama ohm 0.21 kwa mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja ni ohm 0.42. Bodi ikivuta ampea 1.5, volti 0.63 zinapotelea njiani. Umetoa 5.1, kimefika kama 4.47, na Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63 hivi. Waya wa AWG 20 wa urefu huo huo ungepoteza volti 0.1 tu. Ndiyo maana adapta rasmi, ambayo waya wake ni mnene na haung'oki, huponya bodi ambazo watu walishazitupa.

Usikisie, uliza bodi yenyewe:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu la `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake tangu bodi iwake, volti zimewahi kushuka na kasi ya prosesa ikapunguzwa. `0x50005` maana yake hali hiyo iko sasa hivi unaposoma. Ipime bodi ikiwa inafanya kazi nzito na diski imechomekwa, kwa sababu bodi iliyokaa bure hutoa `0x0` hata kwa waya mbovu. Kumbuka pia kwamba matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. SSD moja inabebeka, lakini diski mbili za kuzunguka zinahitaji habu yenye umeme wake.

Sasa kadi. Watu husema ext4, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Linux, ina jono (daftari la mabadiliko yanayotaka kuandikwa), kwa hiyo umeme ukikatika hakuna neno. Jono hulinda mpangilio wa mafaili iwapo kifaa kilicho chini kinasema ukweli, na kadi ya SD haisemi ukweli wote. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo kinachofuta na kuhamisha data kwa mafungu makubwa, bila kuujulisha mfumo. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, kinachoharibika si lazima kiwe faili lililokuwa likiandikwa. Laweza kuwa faili la `/usr/lib` ambalo halijaguswa tangu siku ya kusakinisha. Hapo `fsck`, programu ya kukagua mpangilio wa mafaili, itasema kila kitu kiko sawa huku programu zikianguka moja baada ya nyingine bila sababu inayoonekana.

Kadi bandia ni balaa jingine, na sokoni ziko tele. Kabla ya kuiamini yoyote, sakinisha kifurushi cha `f3` kwenye kompyuta ya Linux, ijaze kadi yote kwa `f3write`, halafu isome kwa `f3read`. Kadi ya "GB 64" ambayo ndani ni ya 8 itaumbuka hapo hapo.

Dawa ya kweli ni kuacha kuiandikia kadi. Punguza kwanza yale madogo: kwenye `/etc/systemd/journald.conf` weka `Storage=volatile` na `RuntimeMaxUse=32M` ili kumbukumbu za mfumo zikae kwenye RAM, kisha zima faili la swapu (nafasi ya kadi inayotumika RAM ikijaa) kwa `sudo systemctl disable --now dphys-swapfile`. `noatime`, inayozuia kuandika muda kila faili linaposomwa, iko tayari kwenye fstab (orodha ya diski za kufunguliwa bodi ikiwaka) ya Raspberry Pi OS, usihangaike nayo.

Halafu hamishia data kwenye SSD ya USB, uiweke kwenye `/etc/fstab` kwa UUID (namba ya utambulisho) yake pamoja na `nofail,x-systemd.device-timeout=10s`. Ukisahau `nofail`, siku SSD itakapochelewa kuamka bodi itasimama kwenye skrini ya dharura ambayo hakuna mtu wa kuiona, maana seva haina skrini. SSD za bei nafuu nazo haziko salama kabisa umeme ukikatika ghafla, lakini huvumilia kuliko kadi.

Baada ya hapo ifunge kadi. Kwenye `sudo raspi-config`, ingia Performance Options, kisha Overlay File System. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kwenye mfumo mkuu kinaishia RAM na kufutika bodi ikizimwa. Mtego uko hapa, na umewatoa machozi watu wengi: amri hiyo huongeza maneno `overlayroot=tmpfs` kwenye `/boot/firmware/cmdline.txt`, na kwa kawaida overlayroot hufunika kila diski iliyoko kwenye fstab, SSD yako ya data ikiwemo. Utaona data zinaandikwa vizuri kutwa nzima, na kesho yake hazipo. Badilisha iwe:

`overlayroot=tmpfs:recurse=0`

Faili hilo lazima libaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, kilicho chini hakisomwi na bodi inaweza isiwake. Kama ulikubali pia kuifunga sehemu ya kuwashia, ifungue kwanza kwa `sudo mount -o remount,rw /boot/firmware`. Ukimaliza, andika faili la majaribio kwenye SSD na jingine kwenye `/home`, washa upya, uone lipi limebaki. Likibaki la SSD peke yake, umefanikiwa. Kusasisha kunahitaji kuzima overlay, kuwasha upya, kufanya `apt full-upgrade`, na kuirudisha. Ni usumbufu, nakubali, lakini mimi naona afadhali usumbufu wa mara moja kwa mwezi.

Kuifunga kadi kunazua tatizo la saa. Pi 4 haina saa yenye betri. Badala yake `fake-hwclock` huandika muda kwenye kadi na kuusoma bodi ikiwaka. Kadi ikishafungwa, muda unaosomwa ni ule wa siku uliyoifunga. Intaneti ikiwepo, NTP (huduma ya kulinganisha saa mtandaoni) hurekebisha baada ya muda mfupi. Isipokuwepo, au ikichelewa, `apt` itakwambia `Release file is not valid yet`, vyeti vya HTTPS vitakataliwa kwamba muda wake haujaanza, na hifadhidata itapanga mauzo ya leo chini ya yale ya mwezi uliopita. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu halitoi kosa lolote.

Nunua moduli ya DS3231, ambayo ni saa ndogo yenye betri yake. Iunge pini ya 1 kwa volti 3.3, ya 3 kwa SDA, ya 5 kwa SCL na ya 9 kwa ardhi. Washa I2C (njia ya bodi kuzungumza na moduli) kwenye raspi-config, ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`, ondoa `fake-hwclock` kwa `apt purge`, kisha washa upya na usome `sudo hwclock -r`. Haya yote yafanye kabla ya kuifunga kadi. Angalia moduli zile za buluu zilizoandikwa ZS-042: zina saketi ya kuchaji betri, na nyingi huja na CR2032 ambayo haichajiki. Ukiipa volti 5 betri inaweza kuvimba. Kwa volti 3.3 hatari hupungua sana, ndiyo sababu ya kutumia pini ya 1. Pi 5 ina saa yake ndani, unanunua betri tu.

Kuhusu betri ya akiba, power bank nyingi hukata umeme kwa sekunde zinapohama kati ya kuchaji na kutoa, na bodi hujizima na kuwaka tena kila umeme unapokwenda na kurudi. Jaribu kwa kung'oa plagi ukutani mara kadhaa kabla ya kuitegemea. Njia imara zaidi ni betri ya asidi ya volti 12, Ah 7, chaja yake, na kibadilishi cha kushusha volti hadi 5.1. Betri hiyo ina Wh (wati-saa) 84, tumia nusu tu ili idumu, yaani 42. Pi 4 na SSD huvuta kama wati 6, ukiongeza kinachopotea kwenye kibadilishi ni 7, kwa hiyo unapata saa sita hivi. Vibadilishi vya LM2596 vilivyoandikwa 3A huchemka mno vikikaribia kiwango hicho. Chukua cha 5A, weka fyuzi karibu na betri, na rekebisha volti kwa kutumia mita kabla bodi haijaunganishwa. Skrubu ya kurekebishia ina mizunguko mingi, na kibadilishi kipya mara nyingi hutoka dukani kikiwa kimewekwa juu ya volti 5, kiasi cha kuiunguza Pi mara moja.