Meli Inalaliwa

Mume wangu alikuwa na hesabu zake, mimi nilikuwa na goti la mama. Mwezi mzima wa Mei, kila watoto walipolala, tulikuwa tunabishana jikoni kwetu Leeds juu ya jambo moja: tuende Southampton Ijumaa, au Jumamosi ileile ya safari?

Meli ilikuwa inaondoka Jumamosi saa kumi na nusu jioni kwenda kwenye fiodi za Norway, zile ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima, siku saba, mimi na mama peke yetu. Fedha yake niliidunduliza miaka miwili kwa zamu za usiku hospitalini. Mume akanipangia: Leeds tuondoke saa moja na robo asubuhi, London King's Cross tufike saa tatu na nusu, teksi mpaka Waterloo, treni ya saa nne na nusu, Southampton Central kabla ya saa sita. Muda wetu wa kupanda meli ulikuwa saa saba na nusu, na mlango wa abiria unafungwa saa tisa. "Mna saa tatu nzima za akiba," alisema. Kwenda Ijumaa kungekula pauni 118 za hoteli, chakula cha jioni cha watu wawili, na siku moja ya likizo yangu ambayo ningeweza kuiweka kwa ajili ya watoto.

Hesabu ilikuwa sahihi, na nilikosa pa kuishika.

Nilichokuwa nacho ni hofu, nayo nilijitahidi kuieleza. Reli za Uingereza hutengenezwa zaidi mwisho wa wiki, na treni yako inaweza kugeuka basi katikati ya njia. Treni ikichelewa, sheria zao zinakurudishia sehemu ya nauli, hata yote kama umekawia sana, lakini meli ikikuacha hakuna anayekurudishia. Sisi tiketi za treni tulinunua wenyewe, mbali na za meli. Wanaonunua safari na usafiri kwa pamoja wana wa kumpigia simu wakikwama njiani. Mwenye kujipangia mwenyewe hana. Bandari ya kwanza ilikuwa Stavanger, baada ya siku nzima ya bahari tupu, kwa hiyo kuikimbilia meli kungekuwa kwa ndege na kwa mfuko wetu. Karatasi za mama zilikuwa kamili. Alikuwa na viza ya Uingereza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, aliiomba mapema kabla hajatoka Dar, maana Norway imo humo na meli kutoka Southampton haikuondolei sharti hilo. Lakini kumkimbiza mtu wa miaka 71 kutoka uwanja huu wa ndege hadi ule, na goti lile, sikutaka hata kuliwazia. Bima nilisoma mara tatu. Inalipa ukichelewa kwa sababu fulani fulani tu, na inataka uwe ulijiachia muda wa kutosha. Wa kutosha ni muda gani? Hapo ndipo ubishi ulipoanza upya.

Mama alikuwa anatusikia kutoka sebuleni. Usiku mmoja akaingia na kikombe chake, akakiweka kwenye sinki, akatuangalia kama anavyowaangalia wajukuu.

"Mnabishania nini, wanangu? Meli haifuatwi siku yake. Meli inalaliwa."

Mama ni mtu wa Ujiji. Miaka ya themanini na tisini alifanya biashara ya dagaa, na barabara yake ilikuwa Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli ile ilikuwa inang'oa nanga Kigoma Jumatano jioni, Ijumaa iko Mpulungu, Zambia, inageuza. Yeye alishuka nayo na sabuni na vitenge mpaka Kirando, mara nyingine mpaka Kasanga, akarudi nayo na magunia. Kwenda hakukuwa na tabu, kwa sababu Kigoma kuna gati. Tabu ilikuwa kurudi. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, meli ilisimama kwenye kina kirefu na watu waliifuata kwa mitumbwi na maboti. Saa yake ya kufika haikujulikana, ilitegemea imechelewa wapi na mzigo gani. Unachosikia ni honi, mara nyingi usiku wa manane, na ukishaisikia una dakika za kukimbilia maji. Kwa hiyo wafanyabiashara wote walilala ufukweni, juu ya magunia yao, tangu siku ya kabla.

Mara moja tu mama hakulala ufukweni. Mvua ilikuwa inanyesha, na shoga yake mmoja wa Kirando akamwambia njoo ulale ndani, honi utaisikia. Hakuisikia, mvua ilikuwa inapiga bati. Alipofika ufukweni aliona taa zinaondoka. Akakaa Kirando wiki nzima, magunia manne yakashika unyevu, na mtaji ule, anasema, ulimchukua mwaka kuurudisha. Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwa nimeijua kuwa ni ushauri.

Mume wangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi mama, mtalala." Asubuhi nikalipia hoteli.

Ijumaa tukapanda treni ile aliyokuwa ameipanga kwa ajili ya Jumamosi, kwa saa zilezile. Kabla ya Peterborough tukasimama. Waya za umeme zilikuwa zimeharibika mbele yetu. Nje kulikuwa na shamba la ngano na kunguru, ndani watu wakaanza kutazama saa. Mbele yetu alikaa kijana na mchumba wake waliokuwa wanawahi ndege Heathrow, na yule binti kila baada ya dakika chache alikuwa anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Tulikaa pale saa moja na dakika arobaini. Mama alivua viatu, akaegemeza kichwa dirishani, akalala. Mimi nikafungua daftari nikapiga hesabu: kama ingekuwa Jumamosi, tungefika Southampton saa saba na nusu na kidogo. Mlango ungekuwa wazi bado. Mume wangu alikuwa sahihi hata kwa siku mbaya kama ile, na nilimwambia hivyo jioni kwenye simu, maana haki yake ni yake. Ila kumtazama yule binti na kumtazama mama, nilijua ningekuwa kama nani kati yao.

King's Cross tulipokelewa na mhudumu mwenye kiti cha magurudumu, msaada ambao nilikuwa nimeuomba mapema na ambao haulipiwi kitu. Nashauri kila anayesafiri na mzazi kwenye reli za huku auombe, asione haya. Teksi nyeusi za London nazo zina ubao wa kupandishia kiti. Saa nane mchana tulikuwa hotelini, umbali mdogo kutoka stesheni. Mama akaswali, akalala tena mpaka saa kumi na moja.

Jioni akataka kunyoosha miguu. Jua la Juni Uingereza halina haraka ya kuzama, tukaenda polepole, yeye na fimbo yake, mpaka kwenye bustani iliyo katikati ya mji. Ndani ya bustani kuna ukuta wa mawe na juu yake malaika wa shaba, mabawa wazi, na wanaume wamechongwa chini yake wakiwa kazini. Akauliza hawa ni akina nani. Nikamsomea. Ni mnara wa mainjinia wa Titanic, uliozinduliwa 1914. Meli ile iliondoka hapa Southampton tarehe 10 Aprili 1912, na wafanyakazi wake wengi walikuwa watu wa mji huu. Nyumba zaidi ya mia tano zilipoteza mtu. Mainjinia walibaki chini wakiendesha umeme ili taa zisizime wakati wengine wanashushwa kwenye mashua, na hakutoka hata mmoja wao.

Mama alisimama muda mrefu, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Bukoba je, wana ukuta wao?" aliniuliza.

Shoga yake wa Ujiji, aliyekuwa ameolewa Bukoba, alikuwemo kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ilijaza watu kupita kiasi, ikapinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, na watu mamia wakaenda nayo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka redio tu, na mama ameketi chini kwenye sakafu ya saruji. Hapo bustanini nikamwambia kwamba Mwanza yako makaburi ya pamoja kule Igoma, na mnara. Akainua viganja akasoma dua yake, mbele ya wale mainjinia wa Kizungu. Mtu aliyekuwa anapita na mbwa akapunguza mwendo, akavua kofia. Hatukusemeshana naye.

Jambo hili lisingetokea Jumamosi. Jumamosi mtu anatoka stesheni anaingia teksi, anatoka teksi anaingia gatini.

Alfajiri ya pale msimu huo inaingia saa tisa za usiku, na kabla ya saa kumi na moja jua limeshachomoza. Mama aliposwali hakurudi kulala. "Twende tukaione ikiingia," alisema. Teksi ikatushusha Mayflower Park, uwanja wa nyasi ulio kando ya maji, ambako watu wa mji huja kutazama meli. Nilimfunika koti langu la baridi juu ya kitenge, tukakaa kwenye benchi. Ng'ambo ya maji kulikuwa na ukungu mwepesi, na ndani yake meli ikaanza kujitokeza, kwanza kama jengo, kisha kama mtaa. Ilikuwa Iona, urefu wake karibu mita 345, abiria zaidi ya 5,000, na bendera ya Uingereza imechorwa puani kwake.

"Liemba ngapi hiyo?" akauliza mama.

Liemba ni mita 71. Karibu tano, nikamwambia. Nikamwambia pia jambo nililokuwa nimelitunza tangu siku niliyokata tiketi: Iona imejengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ileile ya Meyer iliyoijenga Liemba mwaka 1913. Liemba wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Mama sehemu ya pili ya habari aliijua kuliko mimi, kama kila mtu wa Kigoma: jinsi ilivyofunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja Dar kwa bahari, ikapanda reli mpaka ziwani, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe 1916 walipokuwa wanakimbia, wakiwa wameipaka injini mafuta mazito isile kutu, na Waingereza wakaitoa chini 1924. Sehemu ya kwanza hakuijua. Papenburg iko bara, mbali na bahari, na meli kubwa kama hii hushushwa kwa mto Ems, mara nyingi kinyumenyume, maji yakiwa yamejazwa kwa makusudi ili isikwame.

Alicheka kwa sauti. "Kumbe watu hao wamezoea kujengea meli pasipo na bahari!"

Akaitazama ikipita mpaka ikafunga. Baadaye akaniambia taratibu, bila kunigeukia, kwamba hajawahi kuiona meli ikifika akiwa amekaa. Siku zote alikuwa amesimama na gunia kichwani.

Kupanda kwenyewe hakuna la kusimulia sana. Mabegi yalichukuliwa nje, karatasi zikaangaliwa, viza ya mama ikakaguliwa kwa dakika mbili, saa nane tuko chumbani. Kitu kimoja ndicho kilichomshika mama. Kabla ya meli kuondoka kila abiria anatakiwa afike kwenye kituo chake cha dharura, aonekane na kuhesabiwa. Nikamweleza kwamba zamani walikuwa na ruhusa ya kulifanya ndani ya saa 24, lakini tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ikagonga mwamba Italia usiku, watu 32 wakafa, na miongoni mwa abiria walikuwamo waliopanda siku ileile ambao hawakuwa wamefundishwa chochote. Sasa zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mlango unafungwa mapema nao kwa sababu kama hiyo: orodha ya waliomo lazima ikamilike. Mama alimwomba binti wa kituoni amwonyeshe jaketi la kujiokolea linavyofungwa, akalivaa, akalivua, akalivaa tena mwenyewe bila kusaidiwa. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Binti yule hakumharakisha, na namshukuru.

Saa kumi na nusu tulikuwa juu, upande wa nyuma. Kamba zikaachiwa. Honi ikalia mara tatu, nzito, nikaisikia kifuani, na mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Nyumba za Southampton zikaanza kusogea.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na nusu, mama."

"Imeondoka kwa saa yake," alisema, akakaza mtandio, akaniambia tushuke tukatafute chai.