Kompositi ngumu juu, laini chini: jinsi nilivyotatua

Kwa wiki tatu wagonjwa walirudi kwenye kliniki yetu ya Eastlands, Nairobi, jino limejazwa lakini chini kompositi, nyenzo ya kuzibia meno inayogandishwa kwa mwanga, ni laini kama nta. Nilibadilisha gundi, nikafungua sirinji mpya, nikaongeza muda wa kumulika, sekunde 20 zikawa 40. Wapi!

Jioni moja nikaizima taa ya kugandishia, nikaigeuza ncha. Tone la kompositi, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa limegandia kiooni na kuziba mwanga wa bluu, ule wa karibu nanomita 470 unaoamsha kamforikwinoni, kemikali inayoanzisha kuganda kwa kompositi. Nililibandua kwa kijiti cha plastiki, polepole, kioo kisikwaruzike.

Ili kupima, nikajaza kompositi kwenye kipande cha mrija, nikamulika sekunde 20, nikakwangua ulaini wote. Zikabaki milimita 4 ngumu. Nusu yake, 2, ndiyo tabaka ninayoweka sasa.