Pikipiki ya Mbio Mikononi mwa Fundi wa Mashua

Mafundi wa bodaboda wa Malindi ni wepesi wa mkono, lakini kazi yao karibu yote ni injini za mipigo minne, na Yamaha YZ125 ya mwaka 1980 niliyoinunua katika nyumba moja ya Casuarina, baada ya mwenyewe kurejea kwao Italia, ni ya mipigo miwili, yaani pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja tu kwa kila mwako. Haina valvu za kichwani, wala haina oili inayokaa chini ikisubiri kurushwa kwenye pistoni. Oili ya kulainisha pistoni huchanganywa na petroli na kuteketea pamoja nayo. Vijana wa stejini waliizunguka kwa mapenzi na kuulizana taa zilikatwa lini, nami nikawaeleza kwamba haikuwahi kuwa na taa hata siku moja, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mbio za matope na si kwa ajili ya barabara. Waliponisikia nikisema hivyo, hamu yao ilipungua kidogo.

Ujuzi wa injini hizi upo mjini, ila uko pwani. Wavuvi wetu wengi bado wanaendesha mashine za mipigo miwili, na kila alfajiri kuna mtu anayetikisa dumu la petroli iliyotiwa oili kabla ya kutoka kwenda kuvua. Nilimpelekea injini fundi mmoja wa mashine za mashua, mzee ambaye kila mtu pale humwita Ami, nami pia humwita hivyo ingawa hatuna udugu wa damu. Aliigeuzageuza juu ya meza, akachungulia tundu la ekzosi, akasema, “Mwanangu, hii ni mashine yetu, imepotea njia tu ikaenda nchi kavu.” Tangu siku hiyo kazi zote hufanyika uani kwangu, nami humwendea Ami kila ninapofika penye shaka, nikiwa na kipuri mkononi na maswali yangu.

Inafaa nieleze kwa nini nimeshughulika na modeli hii hasa. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Uswidi alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa daraja la cc 250 akiwa na Yamaha iliyotumia shokomzoba moja ya nyuma badala ya mbili, wazo ambalo kampuni ililipata kwa mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens. Pikipiki yangu ina mpangilio huo huo: shokomzoba ndefu iliyolala chini ya tangi, sambamba na uti wa fremu. Isitoshe, ni ya mwaka wa mwisho kabla ya YZ125 kuanza kupozwa kwa maji mwaka 1981, kwa hiyo silinda yake bado ina mapezi mapana yanayotegemea upepo peke yake.

Adui mkubwa wa kazi hii ni chumvi. Upepo wa kusi unapovuma miezi mingi kutoka baharini, kila bolti ya chuma iliyoingia katika aluminiamu huwa imefunga ndoa nayo, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikitoa unga mweupe unaojaa katika nyuzi za bolti. Kutumia nguvu hapa ni kukata vichwa vya bolti. Kinachosaidia ni mafuta ya kulegeza kutu, subira ya usiku mzima, kisha joto: aluminiamu hutanuka kuliko chuma, hivyo ukilipasha moto kasha badala ya bolti, tundu hupanuka na bolti hulegea kwa mlio mdogo mkavu. Bolti zote ninazozirudisha nazipaka grisi kwanza, hata zile ambazo kitabu cha kiwanda hakikusema zipakwe, kwani waliokiandika hawakuishi Malindi.

Vipuri si haba kama watu wanavyodhani. Beringi yenye namba 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe ilikusudiwa pikipiki, mota ya umeme au pampu ya kisima. Unasoma namba iliyochongwa ubavuni na kuitafuta katika duka lolote la beringi Mombasa, ukiangalia tu kwamba imetengenezwa kuhimili mwendo na joto la mahali unapoiweka. Sili za krenki, yaani pete za mpira zinazoziba mhimili unaozungushwa na pistoni, nazo hupimwa kwa milimita. Hizo sikuzionea huruma hata kidogo, kwa maana katika injini ya mipigo miwili mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya kasha la krenki, na sili iliyokauka kwa kukaa miaka mingi huvuta hewa ya ziada. Petroli ikipungua katika mchanganyiko, oili nayo inapungua, joto linapanda, na pistoni inang'ang'ania silindani.

Silinda ilikuwa imekwaruzika, ikapelekwa kukerezwa ipokee pistoni kubwa kidogo kuliko ile ya asili ya milimita 56. Ilirudi inang'aa. Ami hakutazama mng'ao. Aliingiza kidole na kupitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa kila dirisha la silinda, yaani tundu la ukutani linalopitisha mchanganyiko au moshi, na ulipofika dirisha la ekzosi ukakwama. Mashine ya kukereza ilikuwa imeacha makali. Alichukua tupa ndogo na msasa, akayavunja yale makali mpaka ukucha ukapita bila kukwama, huku akinieleza kwamba ringi, ile pete nyembamba ya chuma inayozunguka pistoni, hutokeza kidogo kila inapopita dirishani, na ikikuta ukingo mkali huvunjika. Kisha akanionyesha pini ndogo ndani ya mfereji wa pistoni, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo ncha mbili za ringi lazima ziikumbatie ili ringi isizunguke na ncha zake zikaangukia dirishani. Mshale ulio juu ya pistoni hutazama ekzosi. Haya yote aliyajua bila kuwahi kukanyaga uwanja wa motokrosi.

Tulitofautiana kwenye oili tu. Mashine zake hutumia uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita tano za petroli, na oili iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji ya bahari. Pikipiki hii haina bahari ya kunywa. Ikiwa imesimama juu ya kreti uani, hata upepo haina, na oili ya mashua haikukusudiwa joto la namna hiyo. Nilitumia oili ya pikipiki, kwa uwiano wa 20 kwa 1 waliouzoea watu wa mbio wa enzi ile, mililita 250 kwa lita tano. Ami alikunja uso kwa moshi na kusema ninawafukizia majirani mbu. Nilipofungua plagi baada ya kuiwasha, rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nayo naipendelea kuliko nyeupe, ambayo ni dalili ya joto kupita kiasi.

Madigadi zilipakwa zamani rangi ya buluu ya mashua, sijui na nani. Chini yake mna nyeupe, ishara kwamba ilitoka Ulaya, kwa maana zile za Marekani zilikuwa za manjano. Nitaikwangua buluu yote, lakini mikwaruzo ya fremu nitaiacha.

Kilichobaki ni shokomzoba, ambayo hufanya kazi kwa oili na gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa. Kuna aliyenishauri nitumie mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji, nami nikamkatalia papo hapo, kwa kuwa oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili hulipuka. Nitrojeni imepatikana kwa fundi wa viyoyozi wa mahotelini, ambaye huitumia kupima kama mabomba yanavuja. Mtungi anao, kinachokosekana ni kiungio kitakachokubali valvu ya Yamaha, na hicho anakikereza jamaa yule yule aliyekereza silinda, safari hii nikiwa nimesimama kando yake.