Kupanda na njia ya Napoléon, bila tozo

Viza ya mama imetoka. Atafika Uholanzi mwanzoni mwa Juni, na wiki moja ya likizo yangu tumeitenga kwa ajili ya Ufaransa. Tangu jana meza ya chakula imefunikwa na ramani ya karatasi ambayo nimeinunua makusudi. Simu ninayo, na kwenye programu ya ramani nilishachagua kukwepa barabara za kulipia, lakini majibu yake hayakuniridhisha. Ukiiambia ikwepe tozo, inatafuta tu njia ya haraka kati ya zilizobaki. Inakupitisha nyuma ya maghala, kipilefti baada ya kipilefti, sambamba kabisa na ile ya kulipia, huku wenzako wakikupita kwa kilomita 130 kwa saa. Umeokoa yuro kadhaa na hujaona kitu.

Kwa hiyo nimelianza swali upande mwingine: ni barabara ipi ningependa mama aione hata kama zote zingekuwa bure? Kwenye ramani za kampuni ya Michelin, kama hii yangu, barabara zenye mandhari nzuri huchorwa mstari wa kijani ubavuni. Nimeufuata mstari huo kwa kidole kutoka pwani ya kusini hadi nikafika mji wa Grenoble, na sehemu kubwa yake ni njia aliyopita Napoléon, aliyewahi kuwa mtawala wa Ufaransa, akirudi kuchukua madaraka.

Tarehe 1 Machi 1815 alishuka Golfe-Juan akitokea kisiwa cha Elba alikokuwa uhamishoni, akiwa na watu wapatao elfu moja. Njia rahisi ya kwenda Paris ilikuwa bonde la mto Rhône, ila huko alihofia wafuasi wa mfalme, akaamua kupanda milimani. Siku ya saba ya mwezi akaingia Grenoble. Mwaka 1932 njia hiyo ilizinduliwa kwa wasafiri wa magari, kama kilomita 325, yenye alama za tai kandokando. Nimefurahi sana kuona kwamba leo bonde alilolikwepa ndilo lenye A7, barabara ya kulipia, na kule juu alikopita yeye unaenda bila tozo. Hata A51, barabara kuu nyingine iliyokusudiwa kuvuka milima hiyo hadi Grenoble, imekatika katikati mpaka leo.

Tutakodi gari Nice. Kutoka hapo hadi Cannes, barabara kuu ya A8 ina tozo, basi tutashika barabara ya ufukweni kupitia Antibes. Itakuwa polepole, taa nyingi, lakini bahari iko mkono wa kushoto na Golfe-Juan yenyewe iko njiani. Halafu Grasse, mji wa manukato, na baada ya hapo ni kupanda.

Kona za kuelekea Castellane ndizo zilizonitia wasiwasi, nikamtumia mama ujumbe wa sauti. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Lushoto. Kona za Mombo nimezipanda nikiwa na mimba yako. Mwambie mkwe wangu asiwe na haraka tu." Mkwe wake hana haraka, na sheria yenyewe inamsaidia: barabara hizi nyingi mwisho ni 80, ukiingia mjini 50.

Maisha yake yote mama amesafiri kwa mabasi, Tanga na Dar, kufuata bidhaa za duka. Anashuka pale basi liliposimama, anakula kinachouzwa hapo, anapanda konda anapoita. Ndiyo maana siitaki barabara kuu. Kule huwezi kuegesha kwa sababu umeona mlima. Nataka safari hii mama aseme "simama hapo", na sisi tusimame.

Usiku tutalala Sisteron. Mbele ya mji, ng'ambo ya mto Durance, kuna jabali ambalo matabaka yake yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu, na ngome iko upande wa pili. Kutoka hapo hadi karibu na mji wa Gap ndipo penye mtego, kwa kuwa A51 inakwenda jirani na barabara yetu. Nimemwandikia mume wangu kwenye kikaratasi cha kubandika: kibao cha bluu kinaingia barabara kuu, cha kijani kinatubakiza kwenye ya kawaida, ukiona neno "péage", yaani tozo, usiingie.

Kinachonisumbua bado ni mteremko wa Laffrey kushuka Vizille. Juu yake ndipo askari waliotumwa kumzuia Napoléon walipokataa kumpiga risasi, na uwanja huo nataka kuuona. Lakini mteremko ni mkali mno. Julai 2007 basi la mahujaji kutoka Poland lilianguka pale wakafa watu 26. Mabasi makubwa hayaruhusiwi kupita. Gari dogo linaruhusiwa, na tumekubaliana: tushuke asubuhi barabara ikiwa kavu, gia ndogo tangu juu, mguu usikae kwenye breki muda wote. Mvua ikinyesha, tutageuza kurudi mji wa La Mure na kushuka kwa barabara nyingine, D529.

Kilichobaki ni gari. Kulichukua Nice na kulirudisha Grenoble kuna gharama ya ziada, na pengine itazidi tozo zote tulizokwepa. Nitailipa. Kesho nawaandikia wakodishaji, na nitaomba lenye madirisha makubwa nyuma, maana mama amekataa kukaa mbele.